LILILOPITA NA LILILOBAKI
Somo la kutoa natija katika maneno ya wakati uliopita

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu ulimi wa kusema na akili ya kupimia asemayo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, siku si nyingi zilizopita lililetwa darasani petu hapa Taru jambo ambalo lilikaribia kuivunja nyumba ya watu wawili wasio na ugomvi. Bwana mmoja alikuwa amekaa barazani baada ya Alasiri akinywa kahawa na wenziwe. Mmoja wao akamwuliza, "Bwana, nasikia wewe ulimwacha mkeo. Ni kweli?" Akajibu, "Naam, nilimwacha." Kabla hajaongeza neno, ikaadhiniwa Magharibi, watu wakainuka kwenda kuswali, na maneno yakakatikia hapo.

Lakini maneno yaliyokatika barazani hayakukatika mjini. Kabla ya Isha habari ilikwisha kufika kwa nduguze mwanamke: "Shemeji yenu amemwacha dada yenu, na amekiri mbele ya watu." Asubuhi kaka mtu akaja na mkokoteni kuchukua vyombo. Mwanamke naye akalia, akidhani kuwa ameandikiwa talaka mpya asiyoijua. Mume akaapa kuwa hakumwacha. Wakamwambia, "Waapaje, nawe jana ulisema mbele ya watu wanne?"

Walipotufikia tukamwuliza mume, "Ulisema uliyosema?" Akasema, "Nilisema, Sheikh, wala sikusema uwongo. Nilimwacha mwaka juzi, talaka moja, kisha nikamrejea kabla eda yake haijesha. Mwenyewe ajua, na kaka yake ajua." Tukamwuliza mwanamke, akasema, "Hayo ni kweli." Tukamwuliza kaka, akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, lakini nilidhani hii ni nyingine."

Mas'ala haya hayakuhitaji ijtihadi yetu, kwani Imamu Nawawi ameyataja katika Minhaj, kitabu ambacho madhehebu yetu ya Shafii yameegemea. Mtu akiulizwa kwa kutaka habari, "Je, ulimwacha mkeo?" naye akasema "Naam", hilo ni ikirari ya talaka. Lakini akisema, "Nilitaka talaka iliyopita, nami nilikwisha kumrejea," husadikiwa kwa kiapo chake. Basi akaapa, mkokoteni ukarudi mtupu, na mwanamke akaingia jikoni kwake siku ile ile.

Lakini sisi hatukutosheka na kumaliza shauri. Tulijiuliza: kosa lilikuwa wapi? Aliyesema alisema kweli. Waliosikia walisikia sawasawa. Waliopeleka habari hawakuongeza, ila walibadili herufi moja tu: yeye alisema "nilimwacha", wao wakapeleka "amemwacha". Basi kweli ikaingia mlango mmoja, na uwongo ukatokea mlango wa pili, wala hapana aliyekusudia kudanganya. Jambo kama hili lastahiki kusomeshwa, kwani nusu ya fitina za miji yetu, na sehemu kubwa ya kesi za mirathi na madeni, zatokana na kutojua ni lipi lipatikanalo katika neno la wakati uliopita na ni lipi lisilopatikana.

LILILOTAMKWA NA LILILOFAHAMIKA

Wanachuoni wa Usuli wamegawanya maana ya maneno katika mafungu mawili. La kwanza ni mantuki, yaani yale yaliyotamkwa na neno lenyewe. La pili ni mafhumu, yaani yale ayafahamuyo msikizi ingawa hayakutamkwa.

Tutazame neno jepesi: "Fulani alikuwa mgonjwa." Mantuki yake ni moja tu, nayo ni kuwa wakati fulani uliopita ugonjwa ulikuwako. Lakini msikizi hufahamu zaidi. Hufahamu kuwa sasa amepona, kwani lau angali mgonjwa, mbona msemaji hakusema "ni mgonjwa"? Hii ni mafhumu. Nayo ni dhana yenye nguvu mara nyingine, na dhaifu mara nyingine, lakini si sehemu ya ushahidi wa neno.

Kuna kipimo chepesi ambacho hata mtoto wa chuoni aweza kukitumia. Lifuatishe lile neno kwa "na hata sasa", kisha utazame kama maneno yanagombana. Ukisema, "Alikuwa mgonjwa, na hata sasa ni mgonjwa," maneno yamesimama, hayagombani. Basi kupona hakukuwamo katika neno la kwanza. Ukisema, "Alikufa, na hata sasa yu hai," maneno yamegombana. Basi kutokuwa hai kulikuwamo katika neno lenyewe.

Na mifano ya historia yatuonyesha jambo hilo hilo. Twasema, "Mombasa ilikuwa bandari kabla hawajafika Wareno mwaka 1498." Kweli, na hata leo ni bandari. Twasema, "Unguja ilikuwa na Sultani." Kweli, na tangu Januari 1964 haina. Neno ni lile lile, "ilikuwa", lakini hali za leo ni mbili mbalimbali. Basi ikiwa neno moja laweza kuwa kweli pamoja na kubakia na pamoja na kuondoka, hapana budi tukiri kuwa neno hilo peke yake halishuhudii kubakia wala halishuhudii kuondoka. Atakaye kujua la leo na atafute dalili ya leo.

Wala elimu hii si ya Waislamu peke yao. Mwanachuoni wa New Zealand aitwaye Arthur Prior, ambaye aliwasoma sana wanamantiki wa zamani, alitoa mwaka 1957 kitabu kiitwacho Time and Modality. Humo aliweka alama za herufi kwa lililopita na kwa lijalo, akapanga kanuni za kutoa natija kama tulivyozoea katika Sullam ya Al-Akhdari, ila yeye aliutia wakati ndani ya mantiki. Katika kanuni zake mna hii: lililo kweli leo, daima dumu litabaki kuwa lililowahi kuwa kweli. Lakini hamna kanuni ya kukutoa katika "ilikuwa" mpaka "iko", wala mpaka "haiko".

Turudi kwa yule bwana wa Taru. "Nilimwacha" yake ni kweli leo, na itakuwa kweli hata siku ya Kiyama. Kurejea kulimrudisha mke, hakukuifuta talaka. Ndiyo maana tulimwambia mbele ya shemeji yake: "Mkeo ni mkeo, lakini ujue kuwa zimekubakia talaka mbili, si tatu." Hivi ndivyo lililopita linavyobaki: laweza kukosa nguvu juu ya hali ya leo, na bado hesabu yake ikawa shingoni.

HERUFI CHACHE ZIBADILISHAZO HUKUMU

Mwenyezi Mungu ametupa sisi watu wa pwani lugha yenye utaratibu wa ajabu katika vitenzi. Lakini kwa kuwa twaisema tangu utotoni, twaitumia bila kuitazama. Na tuitazame leo katika mahali pane.

La kwanza ni "-li-" na "-me-". Ukisema "Mgeni amekuja", umeeleza kuja na umeeleza kuwa athari yake ingaliko: mgeni yupo, na atengenezewe chai. Ukisema "Mgeni alikuja", umeeleza kuja tu. Huenda yupo, huenda alikwenda zake. Kadhalika "amelala" ni hali ya sasa, na "alilala" ni habari ya zamani. Basi wale waliogeuza "nilimwacha" kuwa "amemwacha" waliichukua habari isiyoeleza lolote la leo, wakaivika vazi la leo.

Na jueni pia kuwa "-me-" mara nyingine si habari kabisa, bali ndiyo tendo lenyewe. Walii akisema katika majlisi ya ndoa, "Nimekuoza", haelezi jambo lililotangulia. Ndoa yazaliwa na neno hilo pamoja na kukubali kwa mume. Vivyo hivyo muuzaji asemapo "Nimekuuzia", na mnunuzi asemapo "Nimenunua". Waarabu nao hutumia kitenzi cha wakati uliopita katika mikataba hii, na mafakihi huita jambo hilo insha, yaani kuanzisha. Basi kabla hujatoa natija katika neno, jiulize kwanza: msemaji huyu anatoa habari, au anaanzisha jambo? Kwani habari huweza kuwa kweli au uwongo, na kuanzisha hakuambiwi kweli wala uwongo, bali huambiwa kumesihi au hakukusihi.

La pili ni "-ku-" na "-ja-" katika kukanusha. "Hakulipa" si "hajalipa". Mtu akishuhudia, "Nalikuwapo siku ile, na Fulani hakulipa deni," ameshuhudia mkutano ule tu. Huenda alilipa kesho yake. Lakini akishuhudia, "Hajalipa," amekanusha malipo yote tangu deni lilipokuwa mpaka saa ya ushahidi, na huo ni mzigo mkubwa ambao haufai kubebwa ila na mtu ajuaye. Twawaona mashahidi wengi wakitumia hili mahali pa lile, na haki za watu zikapotea baina ya silabi mbili.

La tatu ni "alikuwa aki-". Ukisema, "Alikuwa akitembea," yapatikana kuwa alitembea, kwani kila sehemu ya kutembea ni kutembea. Lakini ukisema, "Walikuwa wakichimba kisima," haipatikani kuwa walichimba kisima. Huenda walifika kwenye jiwe wakaacha, na sisi watu wa Taru twajua habari ya jiwe lisilotoa maji. Kwa nini mbalimbali? Kwa sababu kutembea hakuna mwisho maalumu ambao ndio hukikamilisha, na kuchimba kisima kuna mwisho, nao ni kupatikana kisima. Basi kila tendo lenye mwisho maalumu, kuwa ndani yake si kulimaliza.

Na hapa pana mas'ala mazito ya wakfu. Watu husema, "Marehemu alikuwa akiliweka shamba lile wakfu wa msikiti." Je, aliliweka? Ikiwa alitamka neno la wakfu naye yu mzima wa akili na mwenye mamlaka juu ya mali yake, shamba si mali ya warithi tena. Ikiwa alikuwa akishauriana, akitafuta mwandishi, akipima mipaka, kisha mauti yakamkuta kabla hajatamka, basi shamba ni la warithi, hata tukiuonea msikiti huruma. Msikiti haujengwi kwa haki ya mayatima.

La nne ni neno "kuacha" lenyewe, ambalo lina maana mbili. "Fulani alifariki, alimwacha mkewe." Mmoja huelewa kuwa alikufa akabakiza mjane, na mwingine huelewa kuwa alikuwa amempa talaka. Wa kwanza humpa mwanamke thumuni au robo, na wa pili humfukuza mikono mitupu. Tena hata huyo wa pili amefanya haraka, kwani ikiwa talaka ilikuwa ya kurejea, na mume akafa ndani ya eda, wote wawili hurithiana. Basi shahidi na aseme wazi, "alimpa talaka," au "alifariki naye ni mkewe." Asitupe neno lenye milango miwili kisha akaenda zake.

ASILI NI KUBAKIA JAMBO KAMA LILIVYOKUWA

Mtu atauliza: "Sheikh, ikiwa neno la zamani halishuhudii la leo, mbona Sharia yatwambia kuwa mtu aliyekuwa na udhu, kisha akashuku kama umetenguka, udhu wake ungaliko?"

Hili ni swali zuri, nami nilikuwa nikilingoja. Jawabu ni kuwa hukumu ile haikutoka katika neno, imetoka katika kanuni. Mafakihi wamesema kuwa yakini haiondoki kwa shaka, na kuwa asili ni kubakia jambo kama lilivyokuwa mpaka ipatikane dalili ya kubadilika. Kanuni hii huitwa istishabu. Kwa hivyo natija ya sharia ina nguzo mbili: ya kwanza ni habari, "alikuwa na udhu", ya pili ni kanuni, "lililothibiti hubakia mpaka dalili." Ukiiondoa ya pili, ya kwanza haisimamishi kitu.

Tofauti hii ina faida kubwa. Natija itokayo katika neno lenyewe haivunjwi na habari nyingine madhali neno ni kweli. Lakini natija ya istishabu ni kama mlinzi wa muda: yuko zamuni mpaka aje mwenye hoja. Mfano wake ni deni. Mtu akija kwa warithi akasema, "Nalimdai marehemu," asili ya kwanza ni kuwa dhima ya kila mtu imesalimika, basi mdai na alete ushahidi. Akithibitisha kuwa alikopesha, asili hugeuka: deni lililothibiti hubakia, na sasa ni juu ya warithi kuonyesha kuwa lililipwa. Wala mirathi haigawanywi mpaka deni litoke.

Lakini msitumie istishabu mahali ambapo macho yaweza kutosha. Hapa kwetu nchi ni kavu. Ni ile nyika ya Taru ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kiu. Mtu husema, "Lambo lilikuwa na maji juzi," na mwingine, "Lambo lilikuwa limekauka juzi," kisha huyu akaacha kubeba maji, na yule akatayamamu. Wote wamelitegemea neno la juzi. Asiyekuwa na yakini ya kukosekana maji, hali yawezekana yakawapo karibu, imempasa ayatafute kwanza kisha ndipo atayamamu.

MAMBO MAWILI YALIYOPITA, NA LIPI LILITANGULIA

Tukiwa na habari mbili za zamani, huongezeka mas'ala ya tatu, nayo ni utaratibu wake. Katika Kiarabu herufi "wau" hukusanya tu, haitangulizi wala haiahirishi. "Fa" huleta utaratibu wa kufuatana. Na "thumma" huleta utaratibu na nafasi baina yake. Kiswahili nacho kina mfano wa hayo. "Alikuja na alikula" ni kukusanya. "Alikuja akala" ni kufuatanisha. "Alikuja, kisha akala" ni wazi zaidi. Basi ukisikia "na", usijitungie utaratibu.

Mtu ajua kwa yakini kuwa baada ya kuchomoza jua alitawadha, na ajua pia kuwa udhu ulimtenguka, wala hajui lipi lilitangulia. Afanyeje? Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni achukue kinyume cha hali aliyokuwa nayo kabla ya mawili hayo. Ikiwa kabla yake alikuwa hana udhu, sasa anao. Kwani ile hali ya kwanza iliondolewa na udhu bila shaka, na kule kutenguka huenda kulikuwa kabla ya udhu, basi ni shaka. Na ikiwa kabla yake alikuwa nao, naye ni mtu wa kujadidi udhu mara kwa mara, sasa hana, kwa hoja ile ile iliyogeuzwa. Tazameni jinsi wanachuoni wetu walivyopima maneno mawili ya wakati uliopita kama sonara apimavyo dhahabu!

Na mas'ala haya hayaishii birikani. Tarehe 29 Aprili 1994 ilizama feri ya Mtongwe, na watu 272 wakafa maji. Mwenyezi Mungu awarehemu. Msiba kama huo humchukua baba na mwana, mume na mke, kwa saa moja. Habari tuliyo nayo ni "baba alikufa na mwana alikufa". Hatuna "baba alikufa, kisha mwana akafa". Je, mwana amrithi baba kwanza, kisha mali ile iende kwa warithi wa mwana? La. Madhehebu yetu yasema kuwa waliokufa pamoja, au ikawa haijulikani nani alitangulia, hawarithiani, na mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Kwani sharti ya kurithi ni kuthibiti kuwa mrithi alikuwa hai baada ya kufa mrithiwa, na neno "na" halithibitishi hilo. Ajaye mbele ya Kadhi akasema, "Bila shaka mzee ndiye aliyetangulia, kwa kuwa ni mzee," ameleta dhana, hakuleta ushahidi.

NENO "KAANA"

Wako watu waliosoma kidogo ambao husumbuliwa na neno "kaana". Husema: "Aya nyingi katika Kurani zamsifu Mwenyezi Mungu kwa msamaha na rehema kwa kutanguliza neno kaana, nalo maana yake ni 'alikuwa'. Je, sasa siye?" Taadhali! Swali hili si jipya. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa na Said bin Jubayr kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) na mishkili kadha, na hii ni mojawapo: alidhani sifa hizo zilikuwa kisha zikapita. Ibn Abbas akamfahamisha kuwa Mwenyezi Mungu amejiita mwenyewe kwa sifa hizo, naye hakuacha kuwa hivyo.

Tazama ndugu yangu, kosa la mtu yule ndilo kosa la baraza la Taru. Alisikia "alikuwa", akajiongezea "na sasa siye". Mafhumu akaifanya mantuki. Kukosea katika talaka kwavunja nyumba, na kukosea hapa kwavunja itikadi.

Wako na waliokosea upande wa pili. Husikia katika Hadithi, "Mtume alikuwa akifanya kadha", wakakata kuwa alifanya kila siku bila kuacha. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amesema kuwa kauli waliyoichagua wengi wa wahakiki wa Usuli ni kuwa "kaana" pamoja na kitenzi hailazimishi kudumu wala kukariri, ila ikija dalili. Akatoa mfano wa Bibi Aisha (r.a.), aliyeeleza kuwa alikuwa akimpaka Mtume (s.a.w.) manukato alipotoka katika ihramu kabla ya kutufu. Manukato kabla ya tawafu hayawi ila katika Hija, kwani mwenye Umra hajuziwi hilo. Na Mtume, tangu Bibi Aisha kuwa naye, hakuhiji ila mara moja, Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra. Basi "alikuwa akifanya" imekuja kwa jambo la mara moja.

"WAZEE WETU WALIFANYA"

Natija mbovu kuliko zote ni hii: "Wazee wetu walifanya, basi yatupasa kufanya." Neno la kwanza laweza kuwa kweli tupu. Lakini kutoka "walifanya" mpaka "yatupasa" hapana daraja. Hata "yafaa" haipatikani humo, seuze "yatupasa". Kurani imewakemea mara nyingi watu waliojibu Mitume kwa hoja hii ya kuwakuta baba zao.

Chukueni mfano wa karibu. Mbele yetu kidogo katika njia iendayo Nairobi, hapo Mackinnon Road, pana msikiti kando ya reli penye kaburi la Sayyid Baghali, aliyetoka Bara Hindi kufanya kazi katika reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896. Sisi twamwombea rehema kama Muislamu mwenzetu, na kuzuru makaburi kwa kukumbuka Akhera ni sunna. Lakini wako wasafiri ambao husimama hapo wamtake maiti awafikishe salama. Ukiwauliza hoja, husema: "Alikuwa akibeba karai, na karai likielea juu ya kichwa chake."

Na tuipime hoja hii kwa mizani ya somo letu. Tulicho nacho ni "watu walisema kuwa karai lilielea". Kuwa walisema ni kweli. Kutoka "walisema" hakupatikani "lilielea". Haya, na tukubali kwamba lilielea, kwani Ahlus Sunna hawakanushi karama za mawalii. Je, kutoka "alipewa karama alipokuwa hai" kwapatikana "ana uwezo sasa naye ni maiti"? Hakupatikani. Na lau kungepatikana, kwapatikana "yafaa aombwe yeye badala ya Mola aliyempa"? Hasha! Ni ngazi tatu, na zote tatu hazina kipandio. Msafiri na aombe dua ya safari, amwombe Mwenyezi Mungu, kisha amwombe dereva apunguze mwendo.

KHATIMA

Ndugu zangu, muisikiapo habari ya wakati uliopita, kabla hamjaipeleka mbele, iulizeni maswali matatu. Kwanza: neno hili limetamka nini hasa, na mimi nimejiongezea nini? Pili: nikidai kuwa jambo lingaliko, au limeondoka, dalili yangu ni neno, au ni kanuni, au ni dhana yangu tu? Tatu: ikiwa mambo ni mawili, najua lipi lilitangulia? Asiyeweza kuyajibu na afunge mdomo wake, na kunyamaza ni akiba.

Na lililo kubwa kuliko yote ni heshima za watu. "Fulani alikuwa mwizi." "Fulani alikuwa mlevi." "Bibi fulani alikuwa hivi na hivi." Huenda ni kweli, lakini mtu yule alitubu, akanyooka, akaoa, akazaa, na watoto wake husoma chuoni pamoja na wako. Wewe hulitamka la zamani ukijua kuwa wasikizi watafahamu la sasa, kisha ukiulizwa husema, "Mimi sikusema uwongo." Naam, ulimi wako haukusema uwongo, lakini umetengeneza uwongo katika vifua vya watu, nawe ulijua. Hiyo ni ghiba, na kuwa kweli hakuitoi katika ghiba.

Kaka wa yule mwanamke alikuja darasani Ijumaa iliyofuata, akakaa nyuma. Tulipomaliza akasema, "Sheikh, lau ningalimwuliza shemeji neno moja tu, 'lini?', nisingalichukua mkokoteni." Tukamwambia, "Wallahi, umelifupisha somo lote."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, atutengenezee yaliyobaki, na azihifadhi ndimi zetu.

Wabillahi tawfiki.